Mzigo wa Uhusiano: Kitenzi, Nomino na Kihusishi katika Sentensi za Kila Siku, kwa Mifano ya Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa



Mada niliyoichagua yaweza kuonekana ndogo. Sitazungumzia asili ya Kiswahili wala mustakabali wake katika dunia. Nitazungumzia sentensi za kawaida, zile ambazo mtu huzisema akiwa gulioni, mtumbwini au shambani, na nitauliza swali moja: katika sentensi hizo, ni neno gani hubeba uhusiano baina ya tendo na vitu vinavyohusika nalo? Je, ni kitenzi, ni nomino, au ni kihusishi?

1. Utangulizi: sentensi moja ya mwanafunzi

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu kijana, kabla sijasomea isimu, nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari huko kusini, nayo ilipokea watoto kutoka milima ya Umatengo na kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa. Siku moja niliwapa wanafunzi insha kuhusu familia zao. Mwanafunzi mmoja wa mwambao aliandika hivi:

(1) Baba yetu alitufia ziwani, mama akahamia milimani kwa wajomba.

Kalamu yangu nyekundu haikusita. Nilikata maneno kadhaa, na juu yake nikaandika:

(2) Baba yetu alikufa katika ziwa, na mama akahama kwenda kwenye milima kwa wajomba.

Wakati ule niliamini kwamba nimemsaidia. Sentensi yangu ilikuwa na vihusishi vinavyoonekana kwa macho, nami nilikuwa nimefunzwa kwamba uhusiano wa mahali huonyeshwa na vihusishi. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba sentensi ya mwanafunzi ilikuwa kamili, na kwamba niliyoiandika mimi ilikuwa imepoteza jambo ambalo haikuweza kulirudisha. Mhadhara huu ni jitihada ya kueleza ni jambo gani lililopotea, na kwa nini.

2. Lugha mbili, njia mbili za kugawa kazi

Tuanze na Kiingereza, kwa kuwa mazoea yetu ya kuchambua vihusishi yalitoka huko. Katika Kiingereza kitenzi aghalabu hubaki na umbo lake, na kazi ya kuonyesha uhusiano hupewa neno dogo linalokifuata. Kitenzi "look" kikifuatwa na "at" tunapata maana ya kutazama. Kikifuatwa na "for", maana ya kutafuta. Kikifuatwa na "after", maana ya kutunza. Kitenzi ni kilekile, na neno dogo ndilo linalobadili mambo. Mwanafunzi wa Kiingereza hana budi kujifunza ni kitenzi gani huandamana na neno gani, na ujuzi huo humchukua miaka.

Kiswahili hakikugawa kazi hivyo. Kutazama, kutafuta na kutunza ni vitenzi vitatu visivyofanana hata kwa herufi ya mwisho ya shina. Lakini tofauti si ya msamiati tu. Hebu tuzingatie mifano ifuatayo:

(3) a. Mvuvi yumo ziwani.
b. Mvuvi anakwenda ziwani.
c. Mvuvi ameingia ziwani.
d. Mvuvi ametoka ziwani.

Katika Kiingereza sentensi hizi nne zingehitaji vihusishi vinne tofauti: "in", "to", "into" na "from". Katika Kiswahili neno ziwani halikubadilika hata kidogo. Kiambishi -ni kimetuarifu kwamba ziwa linachukuliwa kuwa mahali, basi. Kwamba mvuvi yumo, anaelekea, ameingia au ametoka, hayo yote yamesemwa na kitenzi.

Ushahidi ulio wazi zaidi unapatikana bandarini. Meli inapotia nanga Mbamba Bay au Liuli, wachukuzi huweza kusema:

(4) a. Tumepakia magunia melini.
b. Tumepakua magunia melini.

Sentensi hizi mbili zina nomino zilezile na zina melini ileile, lakini katika ya kwanza magunia yamo ndani ya meli na katika ya pili yako nje. Tofauti yote imebebwa na irabu moja ndani ya kitenzi. Jozi hii si ya peke yake. Mkulima hufukia mbegu na hufukua shimo. Mtu hufunika chungu na hukifunua. Mwelekeo wa tendo, ambao lugha nyingine huuweka nje ya kitenzi, Kiswahili huuweka ndani yake.

3. Kauli ya kutendea: kihusishi ndani ya kitenzi

Chombo kikuu cha kazi hii ni kauli ya kutendea, yaani kiambishi tamati -i- au -e-. Kanuni ya irabu zake inafahamika: shina lenye a, i au u hupokea -i- (pika/pikia, kata/katia, funga/fungia), na shina lenye e au o hupokea -e- (leta/letea, soma/somea). Shina linaloishia kwa irabu hupata l, ambayo ni mabaki ya sauti iliyodondoka zamani: nunua/nunulia, chukua/chukulia.

Baadhi ya sarufi za zamani zilizoandikwa kwa Kiingereza ziliiita kauli hii kwa jina lililotokana na neno kihusishi. Jina hilo lina ukweli na lina upotofu. Ukweli wake ni kwamba waandishi wale waliona kuwa kiambishi hiki hufanya kazi ambayo katika lugha yao hufanywa na vihusishi. Upotofu wake ni kwamba wanafunzi wa baadaye, na walimu wa baadaye nikiwamo mimi, tulidhani kwamba kauli hii ni kibadala tu cha kihusishi, kwamba palipo na nunulia tunaweza kuweka nunua kwa ajili ya bila hasara yoyote.

Tuitazame kazi yake katika mahusiano manne.

Kwanza, mtendewa. "Mama alimnunulia mgeni usipa" ina yambwa mbili: usipa, walionunuliwa, na mgeni, aliyenunuliwa usipa hao. Hakuna kihusishi, na mgeni ndiye anayepewa kiambishi -m- ndani ya kitenzi.

Pili, mwelekeo. Hapa ndipo kauli hii inapoweza kugeuza maana nzima. "Anakimbia ziwani" ni mtu afanyaye mazoezi huko ufukweni. "Anakimbilia ziwani" ni mtu anayeelekea huko kwa haraka. Jozi ya hama na hamia ni kali zaidi: "amehama Mbinga" maana yake ameondoka Mbinga, na "amehamia Mbinga" maana yake amekuja kukaa Mbinga. Kiambishi kimoja kimegeuza chanzo kuwa kikomo. Mtu anayeandika katika daftari la kijiji ni nani aliyehama na ni nani aliyehamia hafanyi mchezo wa maneno. Anaandika ni nani ana haki ya shamba na nani hana.

Tatu, ala. Tunasema jembe la kulimia, kisu cha kukatia, chungu cha kupikia. Lugha ingeweza kusema jembe ambalo mtu hulima kwa hilo, lakini haisemi.

Nne, mtu anayeguswa na tendo bila kulitenda wala kulipokea. Hapa tunarudi kwenye sentensi (1). Kitenzi -fa hakina yambwa. Mtu hafi kitu. Lakini -fia huweza kupokea yambwa: "alitufia". Kiambishi -tu- hakisemi mahali alipofia, wala hakisemi kwamba alikufa kwa manufaa yetu. Kinasema kwamba kifo kile kilitupata sisi. Kutokana na umbo hilo tunapata "tumefiwa", na kutokana na tumefiwa tunapata jina mfiwa, wingi wafiwa, ambalo sote tunalitumia misibani. Mtu akitaka kuligeuza neno mfiwa kuwa maelezo yenye vihusishi, atapata sentensi ndefu isiyogusa moyo wa mtu yeyote.

Sasa tutazame tena masahihisho yangu. "Baba yetu alikufa katika ziwa" ni sentensi sahihi kisarufi. Inaeleza nani alikufa na wapi. Lakini wafiwa hawamo. Mtoto aliandika kwamba wao walifiwa, nami nikaandika kwamba kulitokea kifo.

4. Yambwa gani yaweza kuwa kiima?

Isimu ya kisasa imeitumia kauli ya kutendea kupima muundo wa lugha za Kibantu kwa ujumla. Mwaka 1990 Joan Bresnan na Lioba Moshi, mwanaisimu Mtanzania, walichapisha makala mashuhuri kuhusu yambwa katika lugha za Kibantu, wakitumia Kivunjo, lahaja ya Kichaga. Walionyesha kwamba katika lugha hiyo yambwa zote mbili za kitenzi cha kutendea huwa na hadhi ya yambwa kamili: kila moja yaweza kuwa kiima cha sentensi ya kutendwa. Lugha nyingine hazifanyi hivyo. Katika Kiswahili tunasema:

(5) a. Mgeni alinunuliwa usipa.
b. *Usipa walinunuliwa mgeni.

Sentensi (5b) haikubaliki. Kiswahili humpa hadhi ya juu yule aliyetendewa, na kile kilichonunuliwa hubaki nyuma. Aidha, Kiswahili hukubali kiambishi kimoja tu cha yambwa ndani ya kitenzi, ilhali baadhi ya lugha ndugu zake huruhusu viwili au zaidi.

Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, Kichewa, ambacho pia huitwa Kinyanja, kimekuwa mojawapo ya lugha za Kibantu zilizochambuliwa sana katika nadharia ya sintaksia. Mark Baker aliitegemea kwa sehemu kubwa katika kitabu chake cha mwaka 1988, ambamo alitetea hoja kwamba kitenzi cha kutendea ni kihusishi kilichohamia ndani ya kitenzi. Mwaka 1989 Bresnan na Jonni Kanerva walichambua sentensi za Kichewa ambazo mahali ndipo panapochukua nafasi ya kiima. Sam Mchombo, mwanaisimu wa Malawi, ameendeleza uchambuzi wa kitenzi cha lugha hiyo kwa miaka mingi. Kwa hiyo ninapouzungumzia mwambao wa Nyasa siendi pembezoni mwa taaluma yetu. Mbinu ambazo leo hutumiwa katika vyuo vya Ulaya na Marekani kuchambua yambwa na mahali zilinolewa kwa kiasi kikubwa kwa lugha za maji haya.

5. Nomino kama mahali

Nageukia upande wa nomino. Malcolm Guthrie aliziweka Kimanda, Kingoni, Kimatengo na Kimpoto katika kundi moja, N10, na Kinyanja pamoja na Kichewa katika kundi N30. Lugha hizi huonyesha mahali kwa viambishi vya mwanzo wa nomino: pa-, ku- na mu-. Pa- ni mahali mahsusi, ku- ni mahali pa jumla au pa mbali, mu- ni ndani. Huu ndio mfumo wa kale wa Kibantu.

Kiswahili kimeupoteza mfumo huo katika nomino yenyewe na mahali pake kimeweka kiambishi tamati -ni. Lakini viambishi vitatu vya kale havikufa. Vimehamia kwenye upatanisho. Tunasema ziwani pale, ziwani kule, ziwani mle. Nyumbani petu, kwetu, mwetu. Kwa hiyo -ni husema kwamba hapa ni mahali, na neno linalofuata husema ni mahali pa namna gani. Mtu wa mwambao akikuambia "mtumbwini mna maji", usimuulize kihusishi kiko wapi. Kimo ndani ya mna, na wakati wa kuyatoa maji hayo ni sasa. Naye aliyesema "Mbamba Bay pana bandari" ametumia pa- kwa sababu anataja mahali mahsusi.

Upatanisho huo huweza kumfanya mahali kuwa kiima: "Bandarini pamefika meli", "Humu mnalala wageni", "Kijijini kumekuja wageni". Hizi ndizo sentensi ambazo Bresnan na Kanerva walizichambua katika Kichewa, nasi tunazitumia kila siku bila kuzifikiria. Methali isemayo "Penye nia pana njia" imejengwa juu ya upatanisho huu huu: penye na pana zinaitikiana.

Hata hivyo, -ni ina mipaka yake, na mwalimu mwaminifu hana budi kuitaja. Haiambatani na majina mahsusi ya mahali: tunakwenda Lituhi, Litembo na Mbinga bila kiambishi chochote. Haiambatani kwa kawaida na nomino za watu: mtu hubaki kwa baba, habaki *babani. Tena nomino yenye -ni hukubali kiwakilishi na kimilikishi lakini husita kupokea kivumishi cha kawaida. Tunasema nyumbani kwetu, lakini tukitaka kusema kwamba nyumba ni kubwa, tunalazimika kusema katika nyumba kubwa. Hapo ndipo katika na kwenye hupata kazi yao halali: huingia pale ambapo -ni haiwezi kufika. Katika masahihisho yangu ya ujanani vihusishi hivyo viliingia mahali ambapo -ni ilikuwa imekwisha kufika na kuketi.

6. Vihusishi vyenyewe vilitoka wapi?

Tukiviweka vihusishi vya Kiswahili mezani na kuviuliza asili yao, tunagundua kwamba vingi ni wageni katika aina hiyo ya maneno. Kutoka na kuhusu ni vitenzi katika umbo la kitenzijina. Juu ya, chini ya, mbele ya, nyuma ya, kando ya na ndani ya ni maneno ya mahali yaliyofungwa kwa kiunganifu -a. Kwenye ni -enye, yaani "iliyo na", ikiwa na kiambishi cha mahali ku-. Kwa yenyewe ni ku- pamoja na -a ya uhusiano. Hadi, tangu na kabla ni maneno tuliyopokea au kuyazoea kwa kazi mahsusi. Mpaka ni nomino. Watu wa Mbinga na Nyasa, ambao wanapakana na Msumbiji, wana mfano ulio karibu:

(6) a. Alisafiri mpaka Msumbiji.
b. Alisafiri hadi mpaka wa Msumbiji.

Katika (6a) msafiri amefika Msumbiji kwenyewe. Katika (6b) amesimama mstarini. Neno ni moja, na kiunganifu wa kinatuambia kwamba katika (6b) mpaka bado ni nomino.

Kutokana na hayo sisemi kwamba Kiswahili hakina vihusishi. Nasema kwamba idadi yake ni ndogo, kwamba kazi yao ni ya kusaidia, na kwamba kihusishi kimoja hubebeshwa mahusiano mengi. Hapo pana hatari. Kihusishi kwa hubeba ala (kata kwa kisu), namna (sema kwa upole), mahali pa mtu (kaa kwa shangazi), mpokeaji (barua kwa mkuu wa shule), sababu (furahi kwa ushindi) na kipimo (bei kwa kilo). Hebu tutunge tangazo la aina inayoweza kubandikwa katika ghala la chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa kahawa:

(7) Malipo yatachukuliwa kwa katibu.

Je, katibu ndiye atakayetoa malipo? Au malipo yapo mahali pengine na nyumbani kwa katibu ni mahali pa kuyafuata tu? Au, Mungu apishe mbali, katibu atanyang'anywa malipo yake? Kitenzi kikipewa kazi yake, utata huo huondoka: "Katibu atawalipa wakulima", "Wakulima watalipiwa fedha zao nyumbani kwa katibu". Mkulima wa Umatengo aliyengoja msimu mzima anastahili sentensi ambayo haimlazimishi kubahatisha.

Pia tukumbuke mgawanyo wa na na kwa katika kauli ya kutendwa: mtenda huletwa na na, ala huletwa na kwa. "Samaki amekatwa na mama kwa kisu." Upepo, japo hauna nia, huhesabiwa kuwa mtenda: "Mtumbwi ulipinduliwa na upepo." Ni kosa kuandika kwamba mtu amekatwa na kisu isipokuwa tunataka kusema kwamba kisu kilimkata bila mtu kukikusudia. Lugha imetuwekea mlango wa kutenganisha ajali na kosa la mtu. Tusiufunge kwa uzembe.

7. Kitenzi na nomino bila mtu wa kati

Ipo njia ya tatu, ambayo sarufi zetu huiachia kamusi: kitenzi na nomino kukutana moja kwa moja. Mvuvi hupiga makasia, hutia nanga, hung'oa nanga, hupiga mbizi. Mtu hupanda mlima na hushuka mlima. Aliyezama amekufa maji, na methali humwita mfa maji, yule asiyeacha kutapatapa. Aliyekosa chakula hufa njaa. Maji na njaa hapa si yambwa tendwa; ni sababu za kifo. Lugha nyingi zingedai kihusishi. Kiswahili hakidai, ingawa "kufa kwa njaa" nayo husemwa.

Milimani tunapata mfano mwingine. Wamatengo wanafahamika duniani kwa kilimo cha ngoro, njia ya kulima kwenye miteremko mikali bila kuacha udongo uchukuliwe na mvua. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana hadi miraba ipatikane. Wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafukia majani yale, hivyo shimo hubaki katikati na matuta hulizunguka. Maharage hupandwa kwanza juu ya matuta, kisha mahindi. Katika maelezo haya mafupi nimetumia kufyeka, kulaza, kuchimba, kufukia na kupanda. Kila kimojawapo kimebeba ndani yake mwelekeo wa tendo: laza huweka chini, chimba hutoa, fukia hurudisha. Mtu anayetafsiri maelezo ya ngoro kutoka Kiingereza neno kwa neno huishia na msururu wa katika, kwenye na juu ya, na msomaji asiyewahi kuliona shamba la ngoro hataweza kuliona.

8. Lugha za nyumbani si chanzo cha makosa

Niligusie jambo ambalo husemwa sana na walimu wa kusini, kwamba watoto wa Kimatengo, Kimanda au Kimpoto huharibu Kiswahili kwa sababu ya lugha za nyumbani. Kuhusu mada yetu ya leo, naona kinyume chake. Mtoto anayetoka katika lugha yenye pa-, ku- na mu- kwenye nomino huja shuleni akiwa na hisia kamili ya tofauti ya pana, kuna na mna. Anayetoka katika lugha yenye kauli ya kutendea hai huja akijua kwamba kitenzi ndicho mwenye mzigo. Mwanafunzi wangu wa sentensi (1) hakuandika alitufia kwa kubahatisha. Alikuwa na lugha mbili zilizokubaliana, na mwalimu mmoja aliyezikataa zote mbili kwa kutumia mizani ya lugha ya tatu.

Kazi ya kuzichunguza lugha hizi imepiga hatua. Atlasi ya Lugha za Tanzania ilichapishwa na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009. Nobuko Yoneda, mtafiti wa Japani aliyekichunguza Kimatengo kwa miaka mingi, alieleza katika makala yake ya 2011 kwamba mpangilio wa maneno katika lugha hiyo huongozwa na mada na uzito wa taarifa. Rasmus Bernander aliandika tasnifu yake kuhusu Kimanda katika Chuo Kikuu cha Gothenburg mwaka 2017. Swali la leo, yaani namna lugha za mwambao zinavyogawa mzigo baina ya kitenzi, nomino na kihusishi, linawangoja wanafunzi walio mbele yangu, hasa wale ambao hawatahitaji mkalimani wakifika Lituhi.

9. Hitimisho

Naomba nihitimishe kwa mapendekezo matatu. La kwanza ni kwa walimu: kauli ya kutendea na kiambishi -ni vifundishwe kabla ya orodha ya vihusishi, na kihusishi kifundishwe kama msaidizi anayeitwa pale ambapo hao wawili hawatoshi. La pili ni kwa watunga kamusi: kitenzi kiingizwe pamoja na maandamano yake, ili anayetafuta -fa akutane papo hapo na -fia, -fiwa, kufa maji na kufa njaa, kila kimoja na maana yake na nomino zinazokifuata. La tatu ni kwa wafasiri na waandishi wa matangazo ya umma: kabla ya kuandika kwa, kwenye au katika, jiulizeni kama kitenzi hakiwezi kuifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Daftari la yule mwanafunzi silijui lilipo. Kama nalipata leo, nisingeongeza neno. Ningefuta wino wangu mwekundu, na pembeni ningemwandikia: sahihi, poleni kwa kufiwa.